Kundi letu la mafundi piano limegawanyika. Nimwondoe mzee wetu?

SWALI

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni fundi piano, naishi Dar es Salaam. Kazi yetu ina watu wachache sana Afrika Mashariki, na wengi wetu tuliipata kwa kukaa karibu na fundi aliyetutangulia, si darasani. Ndiyo maana tulifungua kundi la WhatsApp. Wamo wa Dar, Arusha, Mombasa, Nairobi na Kampala, na wenzetu wawili watatu walioko Ulaya. Maadmini ni mimi na mwenzangu mmoja wa Nairobi.

Kundi hili limetulisha, Shangazi. Piano moja ina nyuzi zaidi ya 220, na zikikazwa zote zinaivuta fremu yake ya chuma kwa nguvu ya karibu tani 20. Hapo si mahali pa kubahatisha. Sisi wa pwani tuna shida zetu: nyuzi zinashika kutu kwa hewa ya bahari, vibao vya kubonyeza vinavimba na kunasa, na mteja akiwasha kiyoyozi mchana na kukizima usiku ubao wa sauti unavimba na kunywea hadi unapasuka. Mtu akikwama anapiga picha, anauliza kundini, na muda si mrefu Mzee anajibu. Mzee ndiye aliyetufundisha nusu ya tuliomo. Anatyuni, yaani anakaza nyuzi hadi sauti zikae sawa, kwa sikio na uma wake wa sauti wa hezi 440, hataki kusikia habari za programu za simu.

Shida ilianza baada ya tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi wetu, intaneti ilipozimwa. Iliporudi, kila mtu alikuwa na lake. Mwanzoni mazungumzo yalikuwa ya maana kwa kazi, maana Novemba na Desemba ndio msimu wetu, makanisa yote yanataka vinanda viwe tayari kwa Krismasi, na tulikuwa tumekatika na wateja na wanaotuuzia nyuzi nje. Baadaye yakapanuka. Mtandao wa X uliofungwa tangu Mei 2025. Tangazo la TCRA, mamlaka yetu ya mawasiliano, la Oktoba 2023 la kutaka wanaotumia VPN, zile programu za kupita pale mtandao ulipofungwa, wajisajili. Wa Kampala wakaleta habari za Januari 2021, intaneti yao ilipozimwa kwenye uchaguzi na Facebook ikafungiwa. Wa Nairobi wakaleta sheria yao ya makosa ya mtandao ya 2018 na marekebisho ya Oktoba 2025. Mzee yuko mbele katika yote. Anasema hata programu za kutyuni zinatusikiliza, ndiyo maana zinaomba maikrofoni. Vijana wanamcheka. Mmoja akamjibu, "Mzee, kama huna cha kuficha unaogopa nini?" Basi moto ukawaka.

Mwenzangu wa Nairobi aliona yamezidi, akafunga kundi tukawa tunaandika maadmini peke yetu, usiku wa pili akalifungua. Ujumbe wa kwanza ulikuwa wa Mzee: "Tunalia kuzimiwa, na sisi tunazimana." Tangu hapo hajaandika neno. Wapo wanaotaka nifute ujumbe wote usiohusu piano na Mzee akirudia nimwondoe. Wapo wanaosema nikimgusa Mzee wanatoka naye.

Kibaya zaidi, kuna mtu alipiga skrinshoti ya maneno ya mwenzetu wa Arusha kuhusu uchaguzi, jina na namba yake vikionekana, akayapeleka kundi jingine. Ndugu yule amenipigia ananiuliza kama atakamatwa. Sikuwa na jibu.

Na kazi imesimama. Juzi kijana mmoja alileta picha ya piano ya mteja, nyuzi za besi zimekuwa nyekundu kwa kutu, anauliza azisugue au azibadilishe. Ilikuwa picha nzuri, kaituma kama faili ili isipoteze ubora. Unaona hadi picha za harusi juu ya piano, na mama mwenye nyumba amekaa kwenye kochi na dawa zake mezani. Imekaa siku nzima bila jibu, watu wanabishana kama serikali inasoma WhatsApp au haisomi.

Shangazi, kufuta maneno ya watu ni kuwanyima uhuru wa kusema? Mzee nimfanyeje? Na mimi admini ninabeba lawama ya yanayosemwa?

Fundi wa Nyuzi, Dar es Salaam


JIBU

Marahaba mwanangu.

Nimeisoma barua yako na jicho langu limenasa kwa yule mama mwenye dawa mezani. Umemtaja kwa kupita tu, kwa hiyo nataka tuanzie kwake.

Siku nzima watu wazima wanabishana kuhusu faragha, kwa uchungu na kwa haki. Wakati huohuo mama mmoja asiyewajua amewekwa mbele ya macho ya watu wa nchi tatu na zaidi, ndani ya sebule yake, pamoja na dawa anazokunywa, na hakuna aliyesema kitu. Sidhani kijana alikuwa na nia mbaya, alitaka kuonyesha kutu. Lakini fikiria picha ile iko wapi sasa. Simu nyingi huhifadhi picha za WhatsApp zenyewe, kwa hiyo huenda imo kwenye simu za wanakikundi na kwenye nakala rudufu (backup) zao. Na umesema kaituma kama faili. WhatsApp ikituma picha kwa njia ya kawaida huipunguza ubora na kuiondolea taarifa zilizofichwa ndani yake. Ikitumwa kama faili, inakwenda nzima nzima. Kama kamera ya kijana ilikuwa imeruhusiwa kurekodi mahali, basi picha ile imebeba na mahali nyumba ilipo. Yeyote aliyeipokea anaweza kufika getini.

Fundi piano anaingia ndani kuliko wageni wengi. Fundi bomba anaishia jikoni, wewe unakaa sebuleni saa mbili na zaidi, unafungua kifuniko, unakuta barua za zamani na hereni zilizodondokea kwenye vibao. Unajua nani mgonjwa, nani anahama, nani anauza piano kwa sababu fedha zimekwisha. Mteja anakuachia yote hayo kwa kuamini kwamba yataishia pale. Mkilizungumza hili kundini, mtakuwa mnazungumza kuhusu faragha na kuhusu piano kwa pamoja, na hakuna atakayesema mmetoka nje ya mada.

Sheria nayo ipo. Kwetu Tanzania kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ipo. Kenya wana yao ya 2019, Uganda vilevile ya 2019. Wenzako wa Nairobi wasidhani ni karatasi tu. Septemba 2023 Kamishna wa Data wa Kenya aliitoza shule moja faini ya shilingi za Kenya 4,550,000 kwa kuweka mtandaoni picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Wakati huohuo klabu moja ya starehe ikatozwa 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja wake. Kundi lenu si ukurasa wa matangazo, na sikutishi kwamba kesho mtapigwa faini. Nataka mjue kwamba picha ya mtu ni mali yake hata ikiwa mmeipiga kwa ajili ya kazi.

Kwa hiyo leo hii mpigie yule kijana, usimwaibishe mbele ya watu. Mwambie aifute picha kwa wote. Akishindwa kwa kuwa muda umepita, wewe admini unaweza kuifuta. Waombe wanakikundi wasafishe simu zao. Kisha airudishe picha ya nyuzi peke yake, kamera imesogezwa karibu kiasi kwamba kinachoonekana ni waya, pini na kutu. Namba iliyochapwa kwenye fremu nayo ifunikwe isipokuwa anauliza umri wa piano, maana namba ile na jina la mtaa vinatosha kumfanya fundi mwingine, au dalali, ajue piano ya nani inatengenezwa na nani. Na tafadhali mjibuni. Kijana ameuliza swali la kazi, mama anasubiri.

Sasa tuje kwenye ugomvi wenyewe.

Uliniuliza kama kufuta maneno ni kuwanyima watu uhuru wa kusema. Katiba yetu, ibara ya 18, inampa kila mtu uhuru wa maoni na wa kuwasiliana bila kuingiliwa, na ibara ya 16 inalinda faragha yake. Serikali ikizima intaneti nchi nzima, mtu hana pa kwenda. Mfanyabiashara wa nyuzi hapatikani, mgonjwa hapatikani, na aliyetaka kusema na aliyetaka kukaa kimya wote wamefungiwa. Hilo ni jambo zito, na mimi siwalaumu mafundi wako kwa kulisema. Ningeshangaa zaidi kama msingelisema. Watu waliokatiwa mawasiliano katikati ya msimu wao wa kazi halafu waambiwe kwamba mada hiyo haiwahusu? Inawahusu.

Kundi la mafundi kumwambia mtu "hili tulipeleke chumba cha pili" halifanani na hilo. Aliyeambiwa hivyo bado ana simu yake, ana mdomo wake, anaweza kufungua kundi lake usiku huohuo. Kwa hiyo anayekwambia kwamba admini akiweka utaratibu amekuwa dikteta, anakuonea.

Lakini Mzee naye hajakosea kabisa, na hapa ndipo ningependa ukae kidogo. Mwenzako alifunga kundi bila kusema kwa nini, kwa muda gani, wala kwa kanuni ipi. Watu waliamka wakakuta hawawezi kuandika. Kwa mtu ambaye wiki chache nyuma aliamka akakuta simu haina mtandao, bila maelezo, maumivu ni yaleyale hata kama kilichofungwa ni kidogo. Mzee aliandika sentensi moja tu, na ile sentensi ina haki ndani yake. Kinachofanya utaratibu unuke udhalimu ni kuja kimya, na kumkuta mmoja ukamwacha mwingine. Yule kijana aliyemjibu Mzee "kama huna cha kuficha" naye alikuwa nje ya mada, tena kwa dharau. Mbona sijasikia mtu akitaka aondolewe?

Na jibu lake lile, mwambie kwa upole kwamba si kweli. Yule mama hana cha kuficha, ana dawa za presha au za sukari kama mamilioni ya watu. Je, alitaka fundi wa Kampala azione? Faragha ni mtu kuamua mwenyewe nani aingie sebuleni kwake.

Kuhusu maikrofoni, Mzee ana nusu ya ukweli na vijana wana nusu. Programu ya kutyuni bila maikrofoni haiwezi kusikia uzi, kwa hiyo kuomba maikrofoni si ushahidi wa upelelezi. Ila programu hiyohiyo ikiomba orodha ya namba zako, picha zako na mahali ulipo, hapo Mzee ana haki ya kuuliza inavitakia nini. Kila simu ya kisasa inakuruhusu kutoa ruhusa wakati programu inatumika tu, na kuizima nyingine yote. Fundi anayetyuni nyumbani kwa mtu anapaswa kufanya hivyo, kwa sababu maikrofoni ile inasikia na maongezi ya wenye nyumba. Ningefurahi sana kama Mzee angekaa na vijana wawili wakazipitia zile programu moja moja na kuwaambia wenzao ipi inaomba nini. Hilo litawafaa zaidi ya mabishano yote ya mwezi mzima.

Kama WhatsApp inasomwa au haisomwi: tangu 2016 ujumbe wake unafichwa njiani, anayeweza kuufungua ni aliyetuma na waliotumiwa. Ndani ya kundi, waliotumiwa ni wote mliomo. Maneno ya ndugu wa Arusha hayakuvuja kwa mtambo wowote wa serikali, yalivuja kwa kidole cha mwenzenu. Huo ndio usaliti mkubwa katika barua yako na umeuandika kama jambo la tatu. Mimi ningeuweka wa kwanza. Mabishano yanapoa, lakini mtu akijua kwamba anachosema kati ya wenzake kinaweza kubebwa na jina lake na namba yake kikapelekwa kwa wasiomjua, atanyamaza hata kwenye mambo ya kazi. Hataleta tena piano aliyoiharibu akauliza aifanyeje.

Ukimjua aliyefanya, zungumza naye ana kwa ana na umwambie atoke kundini. Hapa sina huruma. Usipomjua, waandikie wote kwamba lilitokea, kwamba ni kosa kubwa kuliko ujumbe wowote uliowahi kuandikwa mle, na kwamba likirudiwa aliyefanya anatoka siku hiyohiyo. Na kundi mlilinde kidogo. Kiungo cha kujiunga kibadilishwe, wasiotambuliwa na mtu yeyote waondolewe baada ya kuulizwa, na kila mmoja afungue mpangilio wa faragha aangalie nani anaruhusiwa kumwingiza kwenye makundi. Nakala rudufu inaweza kufungwa kwa nywila, lakini ni lazima uiwashe mwenyewe.

Kwa ndugu wa Arusha: mimi si wakili na siwezi kumwambia atakamatwa au hatakamatwa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, inamgusa anayechapisha taarifa huku akijua ni za uongo au za kupotosha, na adhabu yake si ndogo: faini isiyopungua shilingi milioni tano, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Maoni ya mtu kuhusu uchaguzi na habari ya uongo ni vitu viwili, lakini mstari huo asiuchore yeye peke yake akiwa na hofu. Aonane na wakili kabla ya kuitwa, wala asiingie kwenye lile kundi jingine kujitetea kwa maandishi. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kinatoa msaada wa kisheria bila malipo, na Arusha wapo. Wewe mpigie tena wiki hii. Alikuuliza ukakosa jibu, na mtu mwenye hofu akikosa jibu hujiona ametupwa.

Lawama yako kama admini: aliyeandika ndiye mwenye maneno yake. Lakini admini anayeona uchochezi wa chuki au uongo wa wazi, mwenye uwezo wa kuufuta, akauacha, anajiweka pabaya mbele ya watu hata kabla ya sheria. Hayo ufute, na uandike palepale kwa nini umefuta. Maoni usiyoyapenda usiyaguse.

Kanuni ziwe chache na ziandikwe juu ya kundi, kwenye maelezo yake, kila anayeingia azisome. Intaneti ikizimwa tutawapataje wateja, programu ipi ni salama, mteja anawekwaje faragha: yote haya ni mambo ya kazi, yanabaki kundi kuu. Sheria za nchi, uchaguzi, nani kafungiwa nini, yanakwenda kundi la pili, na kila anayependa anajiunga huko. Waswahili wamekuwa na baraza tangu zamani, mahali pa kukaa jioni na kubishana habari za dunia, na hakuna mwenye nyumba aliyeona baraza linamharibia chumba cha ndani. Liiteni hivyo, Barazani. Wasiotaka siasa watapumzika, wanaozitaka hawatakuwa wamenyamazishwa. Kundi kuu lisifungwe tena bila maadmini wote wawili kukubaliana, na likifungwa sababu na saa ya kufunguliwa viandikwe kabla. Mwenzako wa Nairobi aseme mwenyewe kundini kwamba ule usiku hakueleza na angepaswa kueleza. Atasema sentensi mbili, hazitamtoa ukubwa.

Mzee humfuti wala humwondoi. Mtu aliyekushika mkono ukajifunza kusikia uzi unaopinda huwezi kumtoa kwa kubonyeza kitufe, na hata asingekuwa mwalimu wako, alichosema hakistahili adhabu hiyo. Wala usimtumie ujumbe wa kumwomba arudi, utakuwa umemfanyia udogo. Nenda kwake Jumamosi, na mmoja wa wale vijana waliomcheka, aliyeandika lile jibu kama atakubali. Msalimieni vizuri, msianze na kundi. Akishauliza mwenyewe, mpe zile kanuni zikiwa bado rasimu, umwombe azikosoe, na umwambie Barazani inahitaji admini mwenye umri. Akikataa, usimlazimishe. Muulize basi lile swali la nyuzi za besi za yule mama, zisuguliwe au zibadilishwe, umpelekee kijana jibu jioni hiyohiyo.

Shangazi